Maji ndani ya kompyuta ndogo: fundi anajibu

Oktoba hapa Lubumbashi ni mwezi wa kuonea huruma mashine. Mabati yanalia kuanzia saa tano asubuhi, na maswali yaliyonifikia kibandani safari hii karibu yote yana neno moja: maji. Vijana wanaunda kompyuta ndogo, zile za ubao mama (ubao unaobeba sehemu zote) wa Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, na kila mmoja anataka kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani, kile ambacho boksi lake lina herufi AIO. Wengine wanakihitaji. Wengi wameona picha tu.

*Yambo fundi. Nimenunua kasha dogo na prosesa ya Ryzen 5 7600. Rafiki yangu anasema bila maji itaungua. Ni kweli? (Mwanafunzi, Kampemba)*

Yambo mdogo wangu. Rafiki yako anakutafutia hasara. Hiyo prosesa, ubongo wa kompyuta, imeandikwa wati 65, na hata ukiikamua kazi ya kutosha ukomo wake ni wati 88. Ni kama balbu moja ya zamani, zile za waya. Ndani ya boksi lake AMD, walioitengeneza, wamekuwekea kipozeo kidogo cha feni. Kinapiga kelele kidogo, lakini kazi kinaifanya.

Watu wanadhani maji ni friji. Maji ni mchukuzi tu. Yanapokea joto kwenye bamba la shaba lililolala juu ya prosesa, pampu inayasukuma kwenye mpira hadi kwenye rejeta, ile yenye mapezi membamba ya metali, na huko ni hewa ileile ya chumbani mwako inayolichukua. Chumba kikiwa na digrii 32, maji hayatashuka chini ya 32 hata ukiwaomba watakatifu wote. Faida yake ni kuhamisha joto: kulitoa mahali palipobana na kulipeleka penye nafasi ya feni kubwa. Ndiyo maana kwenye kasha dogo yana maana yake, kwa sababu juu ya prosesa unaweza kukuta sentimita sita tu huku ubavu mzima uko wazi.

Anayetaka Core i9-14900K ya Intel, inayoruhusiwa kula wati 253, au Ryzen 9 9950X yenye ukomo wa wati 230, huyo tukae naye tuzungumze maji. Wewe pesa hiyo iongeze kwenye kadi ya grafiki.

*Fundi, kasha langu linasema linapokea rejeta ya 240. Nimepima ndani nikapata sentimita 25. Niko salama? (Papa wa watoto wanne, Katuba)*

Hapana papa, hauko salama, na nashukuru umeuliza kabla ya kulipa. Hiyo 240 si urefu wa rejeta. Ni feni mbili za milimita 120 zikipangwa moja baada ya nyingine. Rejeta yenyewe ina vichwa pande zote mbili, kile cha kupokelea maji na cha kuyageuzia, kwa hiyo urefu wake unafika milimita 275 hivi. Halafu kuna unene, ambao ndio unaowaliza wengi. Rejeta ya kawaida ina milimita 27, feni 25, jumla 52. Zipo nene zaidi: Arctic Liquid Freezer III ina rejeta ya milimita 38, na ukiiwekea feni unafika 63. Ni kipozeo kizuri sana, ila kasha dogo halijali uzuri.

Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza rejeta nene bila kupima. Ilipofika, feni ikagonga vijiti vya kumbukumbu (RAM). Milimita tatu! Nilikaa nayo wiki nzima mezani nikiitazama kama mkwe aliyekuja bila taarifa.

Tangu siku ile sinunui kabla ya kukata katoni. Chukua katoni, kata vipande vya milimita 275 kwa 120, vibandike kimoja juu ya kingine mpaka upate unene wa 52, kisha vitie ndani ya kasha, kadi ya grafiki na saplai ya umeme zikiwa mahali pake. Funga kifuniko. Kikikataa kufunga, umepoteza katoni tu. Kikifunga, chukua kipande cha mpira wa maji wenye unene wa kidole, ukipinde kutoka kwenye prosesa hadi kwenye mdomo wa rejeta. Mipira ya vipozeo hivi ni migumu, haipindi kama kamba ya viatu, na mara nyingi kinachokosa nafasi ni ile kona yake.

Kama kasha linapokea 280, usichukue 240. Feni mbili za 140 zinafunika eneo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 36, na zinazunguka polepole kwa kazi ileile. Cooler Master NR200 ni mfano wa kasha dogo lenye ubavu unaobeba 280. Kwangu mimi, kwenye kasha dogo, hicho ndicho kipimo cha kutafuta.

*Na ile ya feni moja, ya 120? (Msomaji, Kamalondo)*

Acha. Unalipa pampu na mipira ili upate upoaji ambao kipozeo kizuri cha feni kinakupa kwa bei ndogo.

*Usiku kompyuta yangu inatoa sauti ya maji, gulu-gulu, kama tumbo lenye njaa. Rejeta nimeifunga chini kabisa ya kasha. Imeharibika? (Kijana wa Ruashi)*

Haijaharibika bado, lakini umeipindua. Ndani ya kila kipozeo kuna hewa kidogo, na inaongezeka mwaka hadi mwaka kwa sababu maji yanapenya kwenye mpira taratibu mno, hata bila tone kuonekana nje. Hewa hupanda. Wewe umeweka rejeta chini na pampu juu, kwa hiyo hewa yote imekimbilia kwenye pampu. Pampu inatafuna povu badala ya kusukuma maji, na maji hayohayo ndiyo yanayoilainisha. Ukiiacha hivyo itakufa mapema.

Kanuni ni moja: sehemu fulani ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Ukiifunga juu ya kasha, umemaliza. Ukiisimamisha ubavuni, mipira itokee upande wa chini, ili hewa ikae kwenye kichwa cha juu kisicho na mdomo, isipate njia ya kurudi. Ukishaigeuza, washa mashine, iinamishe taratibu kushoto na kulia kama mtu anayetafuta mafuta yaliyobaki kwenye chupa. Sauti itakatika ndani ya dakika chache.

*Maji yakipungua, naweza kuongeza ya bomba? Na hiyo shaba ya ndani ni ya kwetu Katanga? (Mama mwenye duka la simu, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)*

Mama, la pili nalipenda zaidi, lakini bamba halina pasipoti. Shaba ikishayeyushwa haisemi ilichimbwa wapi. Iliwekwa pale kwa sababu inapitisha joto zaidi ya mara moja na nusu ya alumini.

Ya bomba hapana, na ya kisima hapana zaidi. Bamba ni shaba, rejeta mara nyingi ni alumini, na metali hizo mbili zikikaa ndani ya maji yenye chumvichumvi, alumini inaliwa. Kiwandani hawatii maji matupu, wanachanganya na glaikoli na dawa ya kuzuia kutu. Vipozeo vingi havina hata tundu la kujazia. Kikiisha, kimeisha; hesabu miaka mitano au sita.

*Huku Bukavu umeme unakatika mara tatu kwa siku. Pampu ikisimama ghafla, prosesa haiungui? (Kaka wa Ibanda)*

Haiungui, kaka. Umeme ukikatika, prosesa nayo imezimika sekunde ileile, na joto lililobaki maji yanalimeza bila shida. Kinachoumia kwa kukatika-katika ni saplai na diski, hivyo onduleri yenye betri inunue kwanza, kipozeo baadaye.

Hatari ni pampu kufa huku umeme ukiwepo. Dalili zake hazifichiki: ukiwa kwenye bayosi tu (ile skrini ya mipangilio kabla ya mfumo kuwaka), bila kufungua programu yoyote, digrii zinaruka hadi 90 ndani ya dakika moja au mbili, na ukishika mipira, mmoja ni wa moto na mwingine wa baridi. Prosesa za leo zinajipunguza zenyewe zikifika 95 au 100, kisha zinazima, kwa hiyo utapata muda wa kugundua. Waya wa pampu uchomeke kwenye pini za ubao mama zilizoandikwa AIO_PUMP na uiache izunguke kwa nguvu yote. Feni za rejeta ziende kwenye CPU_FAN. Pini za CPU_FAN zikikaa tupu, ubao mwingi utakugomea kuwaka kila asubuhi.

*Goma tuko juu. Hewa nyepesi inapunguza upoaji? Na hili vumbi letu jeusi? (Dada anayehariri video, Himbi)*

Inapunguza, dada. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko pwani. Feni inazunguka vilevile lakini inabeba hewa pungufu. Sisi huku kwenye mita 1,200 tunapoteza kama 11. Ila chumba chako kikiwa baridi kuliko changu kwa digrii 10, prosesa yako nayo inapata nafuu ya digrii karibu hizohizo. Hesabu ya mwisho, wewe unanishinda mwezi huu.

Vumbi ndilo la kukuhangaisha. La volkano lina punje ngumu, letu ni jekundu na linashika kama unga wa bukari ulioloa, lakini yote mawili yanajificha mahali pamoja: kati ya feni na rejeta. Kwa nje unaona feni safi. Fungua skrubu nne uitoe, utakuta blanketi zima limelala juu ya mapezi. Lisugue kwa brashi laini ya rangi, kufuata mstari wa mapezi, usiyakate kwa upande maana yanapinda kama karatasi. Ukipuliza kwa mashine ya upepo, shika feni kwa kidole isizunguke. Fanya hivyo kila miezi mitatu, na wakati wa kiangazi kila mwezi.

*Jirani ananiuzia kipozeo cha 240 alichokitumia miaka mitatu. Nichukue? (Msomaji, Kipushi)*

Kwanza muulize vyuma vya kufungia viko wapi. Soketi, yaani kitako cha prosesa, ya Intel ya LGA1700 ya mwaka 2021 ina matundu yaliyoachana milimita 78, za kabla yake 75, na LGA1851 imefuata zile 78. Upande wa AMD ni rahisi, kinachokaa soketi ya AM4 kwa kawaida kinakaa AM5. Halafu kitikise sikioni. Mlio mdogo wa maji si kitu, lakini kikisikika kama kibuyu nusu tupu, kirudishe. Mwambie akiwashe mbele yako kwa nusu saa, wewe ukiwa umeshika mipira yote miwili. Akikataa kukiwasha, usikinunue hata kwa dola tano.