Premio ya D4 kuwekwa 3S-FE: injini inakaa, kazi iko kwenye waya

Mkuu umeuliza kama unaweza kuitoa injini ya D4 kwenye Toyota Premio yako ukafunga injini ya 3S-FE nyumbani, na fundi wako anasema ununue injini tupu, yeye atatumia waya zile zile za zamani. Kufunga inawezekana kabisa, ya kwangu niliifungia uani na ndiyo natembelea mpaka leo. Ila hiyo ya injini tupu mkatalie mapema, kabla hela haijatoka.

Sababu ni hii. 3S-FSE (hiyo D4) na 3S-FE zote ni cc 1998 na zina asili moja, lakini umeme wake haufanani hata kidogo. D4 inapuliza mafuta ndani ya silinda kwa presha kubwa sana, ina pampu ya presha inayosukumwa na kamshafti, ina boksi la pembeni la kuendesha injekta, ina throtoli ya mota. 3S-FE inapuliza kwenye manifoldi kwa bar 3 hivi, injekta zinakaa na 12V muda wote swichi ikiwa on na kontrol boksi (kompyuta ya injini) kazi yake ni kuzipa ethi (negativu) tu. Sasa ukiiacha kontrol boksi ya D4 pale itatafuta presha ya mafuta haioni, itatafuta mota ya throtoli haioni, utabaki unachaji betri kila asubuhi.

Kwa hiyo ukienda Gerezani au Ilala pale Dar sema unataka injini na waya wake wote mpaka kwenye soketi za kontrol boksi, ZISIKATWE, halafu kontrol boksi yenyewe, distribyuta (ya kugawa cheche kwenye plagi), igniter (ya kuendesha koili) na gia boksi yake. Na sensa ya vakyumu (MAP) ulizia, maana inakaa kwenye bodi sio kwenye injini, gari likikatwa huwa inabaki huko. Mimi ningetafuta ya Corona ST191 ya kuvuta mbele. Ya RAV4 ni nzuri pia ila nyingi ni 4WD, gia boksi haikufai. Ya Noah SR40 achana nayo, ile imelala mbele-nyuma, sampu na mabraketi ni vingine kabisa.

Upande wa vyuma sitaongea sana, hamisha maunting na braketi zinazohitajika, pima draivu shafti kabla hujashusha injini, na hakikisha bomba la kurudisha mafuta lina pa kwenda mpaka kwenye tanki kwa sababu reli ya injekta ya 3S-FE inarudisha mafuta yaliyozidi.

Tuje kwenye waya. Watu wanaogopa ule mzigo mzima lakini waya nyingi za injekta na sensa zinatoka kwenye injini zinaishia kwenye kontrol boksi, hizo huzigusi. Unazounganisha na gari ni chache: BATT (moto wa kudumu), +B kutoka rilei ya EFI, IGSW ya swichi, moto wa swichi wa injekta, koili na igniter, STA ya stata, FC ya rilei ya pampu ya mafuta, W ya taa ya cheki injini, SPD ya spidi, mshale wa RPM, mshale wa temperecha, swichi ya oili, soketi ya altaneta (IG, S na L), waya za AC na za leva ya gia. Tafuta dayagramu ya magari yote mawili, chukua maltimita, andika kila waya kwenye karatasi rangi kwa rangi ndipo ukate. Halafu usisokote ukazungushia tepu, chomea risasi na uvalishe mpira wa kusinyaa, kule chini ya boneti kuna joto na mtikisiko, tepu itaachia tu siku moja ukiwa Chalinze usiku.

Ethi ndiyo naisisitiza kuliko vyote. E1, E01 na E02 (waya za ethi za kontrol boksi) zifungwe kwenye injini kwenye chuma kilichokwanguliwa kikawa safi, na ule waya mnene wa kutoka injini kwenda bodi urudishwe. Ethi mbovu inakuletea magonjwa ya ajabu, utabadilisha sensa zote na ugonjwa uko pale pale. Waya za NE na G (za kuhisi mzunguko wa injini) za kwenye distribyuta zina wavu wa kuzuia kelele, usiufungue wala usiweke kipande cha waya wa kawaida katikati.

Ikigoma kuwaka usianze kununua vitu. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia cha chini ya boneti, washa swichi, hesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza, hiyo ndiyo namba ya ugonjwa. 12 haioni mzunguko wa injini, 14 haipati IGF (ishara ya kwamba cheche imetoka) kutoka kwenye igniter, na ikikosa IGF inakata injekta hata kama kila kitu kingine ni kizima. 31 sensa ya vakyumu, 22 temperecha ya maji.

Ikishatulia peleka namba mpya ya injini TRA ibadilishwe kwenye kadi, risiti ya injini itunze.

Ukishanunua piga picha lebo ya kontrol boksi, ile namba inayoanza na 89661, pamoja na soketi zake kwa upande wa waya, uziweke hapa nikuonyeshe pini moja moja.