Kwa Mwanaidi, kuhusu bingwa aliyeendesha basi

Mwanangu Mwanaidi,

Sisi hapa Tanga hatujambo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana katikati kuna upepo na kelele za watoto. Unasema kocha ameona Zuhura ana kipaji cha kuteleza mawimbini kwa ubao na anataka aanze mashindano. Na wiki hiyo hiyo mwenzako kazini akakusimulia habari za Pauline Menczer, bingwa wa dunia wa mchezo huo aliyekuja kuendesha basi la shule huko huko Australia, upande wa Byron Bay mnakoishi. Ukaniuliza: "Mama, yule alikosea wapi? Nisije nikamponza mwanangu."

Hakukosea popote. Nimetanguliza jibu kwa sababu nakujua, barua hufikishi mwisho.

Mimi ni mtu wa vitabu vya Saccos, kwa hiyo nilipoanza kuufuatilia mchezo huu kwa ajili ya mjukuu wangu, jicho lilikwenda kwenye fedha: nani anatoa, nani anapewa, nani anarushwa. Pauline alikulia Bondi, Sydney. Baba yake, dereva wa teksi, aliuawa yeye akiwa na miaka mitano tu. Alipofika kumi na minne akaambiwa ana baridi yabisi, ile inayokula viungo. Mwaka 1993 kule Hawaii alikuwa na maumivu ya kushindwa hata kutembea vizuri, na bado akaingia majini akatwaa ubingwa wa dunia. Akapewa kombe, tena limevunjika. Fedha ya ubingwa, hata senti! Nauli za kuzunguka mashindanoni alizitafuta kwa kuuza suruali za jinzi Ulaya, kama mtu wa mitumba.

Ujue katika kazi hii zawadi ni nyongeza. Anayembeba mchezaji ni mdhamini: ndiye anayelipa tiketi za ndege, malazi, mbao. Na wadhamini wa enzi zile walitaka msichana wa kupendezesha tangazo la nguo za kuogelea. Pauline alikuwa mfupi, ana madoadoa usoni, na mpenzi wake alikuwa mwanamke, jambo alilolificha kwa kuogopa kumalizwa kabisa. Awashinde wote majini, bado hawakuwa na haja naye. Sasa hapo kosa lake liko wapi? Kuendesha basi ni kazi ya halali, wala mimi sioni aibu yake. Kilichoniudhi ni lile kombe.

Mambo yamesogea, lakini hayakusogea yenyewe. Mwaka 2018 kulikuwa na mashindano ya vijana Ballito, Afrika Kusini. Itafute picha yake: mvulana aliyeshinda ameshika hundi kubwa ya maonyesho, randi 8,000; msichana aliyeshinda amesimama kando yake, kashika ya randi 4,000. Ufukwe ule ule, siku ile ile. Nani atabisha, na tarakimu zimeandikwa kubwa hivyo? Watu wakaja juu dunia nzima. Septemba mwaka huo huo World Surf League, ligi kuu ya dunia ya mchezo huu, ikatangaza kwamba kuanzia 2019 wanawake na wanaume watalipwa zawadi sawa kwenye mashindano yake. Pauline naye, mwaka 2021, watu wakamchangia zaidi ya dola 25,000 za Australia. Miaka 28 imeshapita!

Ila usije ukadhani zawadi sawa ni mshahara. Ligi kuu kwa miaka mingi ilikuwa na nafasi za wanawake zisizofika 20, dunia nzima. Layne Beachley, mwenye ubingwa mara saba, kabla hajafika juu alikuwa na kazi nne kwa mpigo. Stephanie Gilmore alichukua ubingwa wake wa kwanza 2007, msimu wake wa kwanza, ana miaka 19. Leo anao minane. Caitlin Simmers aliupata 2024 akiwa na 18. Ndiyo maana kocha anakuharakisha. Hana nia mbaya, umri wenyewe ndio unaokimbia.

Kitu kimoja nimekipenda, hesabu ya waamuzi. Wako watano, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, wanachukua wastani wa zile tatu. Mchezaji anahesabiwa mawimbi yake mawili bora tu. Laiti bodi yetu ingepiga kura hivyo.

Mpeleke Zuhura. Anza na mashindano mnayofika kwa gari lenu mkarudi siku hiyo hiyo, shule isiguswe. Kampuni ikija na karatasi, hata kama wanampa ubao mmoja na fulana, usisaini kabla hujanitumia. Nataka kusoma nani anamtibu akiumia, picha zake watazitumia mpaka lini, na ikiwa mwaka huu hakushinda watamdai nini. Wakikuambia ni fomu ya kawaida tu, hiyo ndiyo ya kusoma mara mbili.

Na kwenye video nimeona pua ya mtoto imebabuka. Mpake mafuta ya jua kabla hajaingia majini.

Baba yako anaulizia papa wa baharini. Mpigie umjibu mwenyewe, mimi nimechoka.

Mama yako