Je, Kujiandaa kwa Maafa ni Kujichuria?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwezi uliopita maji ya mvua yaliingia nyumbani kwetu saa nane usiku, na umeme ukakatika papo hapo. Tochi tuliyoitegemea ilikuwa na betri zilizovuja, nami nilitumia karibu nusu saa nikipapasa kabatini kutafuta vyeti vya watoto, huku mama mkwe wangu, anayetembea kwa mkongojo, akisubiri kitandani na maji yanapanda. Tulinusurika sote, lakini tangu siku hiyo sipati usingizi. Ninataka tujiandae, ila mume wangu anasema kuzungumzia maafa ni kujichuria, na kwamba matayarisho hayo ni ya watu wenye fedha. Nianzie wapi?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Marahaba, mama, na poleni sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma ninakwama kwenye ile nusu saa ya kupapasa gizani, maana hiyo ndiyo ninayotamani ifutike katika kila nyumba. Uamuzi wowote unaoweza kufanywa mchana, watu wakiwa wametulia, usiachwe ungoje saa nane usiku.

Nianze na neno la mumeo, kwa sababu asipokubali yeye hakuna mpango utakaodumu. Hofu ya kujichuria ninaielewa, kwani wengi tumelelewa nayo. Hata hivyo ningemwomba atafakari habari ya kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia, kilichokuwa karibu na kitovu cha tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004, lile lililozaa tsunami ya Bahari ya Hindi. Katika nchi zinazopakana na bahari hiyo walikufa watu zaidi ya laki mbili, lakini Simeulue, penye wakazi wapatao 78,000, inatajwa kwamba walipotea saba tu. Tangu tsunami ya mwaka 1907 iliyowaangamiza watu wao wengi, wazee wa kisiwa hicho walikuwa wakiwasimulia watoto kwamba ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, wakimbilie mlimani bila kumngoja mtu. Wazee hao hawakuwachuria wajukuu wao.

Kazi ya kwanza, basi, haihitaji hata senti moja. Kaeni jioni moja, wote sita, mgawane majukumu kwa majina: nani anamtoa mama mkwe, nani anambeba mtoto mdogo, nani anazima swichi kuu ya umeme na kufunga koki ya mtungi wa gesi. Swichi hiyo izimwe mapema, maji yakiwa bado nje. Mtu aliyekwisha kusimama majini asiiguse kabisa. Chagueni mahali pa juu pa kukutana nje ya nyumba, na jamaa mmoja anayeishi mbali ambaye kila mtu atampa taarifa mkipoteana. Namba yake iandikwe kwenye karatasi na watoto waikariri, kwa kuwa simu huzima, na wakati wa maafa mitandao huelemewa kiasi kwamba ujumbe mfupi hufika pale ambapo sauti haipiti.

Mama mkwe ndiye kipimo cha mpango wenu wote. Mwendo wenu ni mwendo wake, kwa hiyo saa yenu ya kuondoka ni mapema kuliko ya jirani mwenye miguu mizima. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Funga mkongojo wake kwenye ukingo wa kitanda, upande anaoamkia, na pembeni utundike tochi, filimbi na mfuko wenye viatu, miwani na dawa zake za siku kadhaa. Mwulizeni pia yeye mwenyewe anataka kushikwaje anapoinuliwa, maana mara nyingi wazee hupangiwa mambo bila kuulizwa.

Kisha jaribuni. Usiku mmoja zimeni taa zote bila kuwasha simu, mtoke nje mkiwa mmeangalia saa. Mtagundua kiti kinachoziba njia, ufunguo usiojulikana ulipo, mlango unaokwama. Rekebisheni, mrudie baada ya wiki chache. Ninaamini zoezi hili kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kuhusu vitu, vyeti na hati zote zikae ndani ya mfuko mmoja usiopenya maji, ulioning'inizwa juu karibu na mlango, na nakala ziwe kwa yule jamaa wa mbali. Betri zihifadhiwe nje ya tochi ili zisivuje ndani yake. Maji ya akiba hukadiriwa lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu angalau. Ninyi sita mtahitaji lita 72, yaani madumu manne ya lita 20 yaliyooshwa vizuri, ambayo hayajawahi kuwekwa mafuta ya taa wala dawa, na maji yabadilishwe kila miezi sita. Mafuriko yakishapita, msiyaamini maji ya kisima wala ya bomba kabla hamjatangaziwa kuwa ni salama. Yachemsheni yatokote kwa dakika moja kamili, au tatu kwa wanaoishi nyanda za juu sana. Wekeni pia chakula kisichohitaji kupikwa.

Jambo moja ninalisisitiza kwa moyo wote: umeme ukikatika, msiingize jiko la mkaa wala jenereta ndani ya nyumba, hata madirisha yakiwa wazi. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala bila wao kushtuka.

SWALI: Ninaishi ghorofa ya nne. Tetemeko likitokea, nikimbie nje?
Msomaji wa ghorofani

JIBU: Hapana, usikimbie wakati jengo linatikisika. Wengi huumizwa na vioo, matofali na makabati yanayoanguka wanapoelekea mlangoni. Piga magoti, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na shingo, na ushikilie mguu wa meza mpaka mtikisiko ukome. Baada ya hapo shuka kwa ngazi, kamwe si kwa lifti, ukitarajia mitetemeko mingine midogo. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi yoyote. Na kama nyumba yako iko karibu na bahari, mtetemeko mkali au wa muda mrefu uwe ndiyo tangazo lako: panda mahali pa juu papo hapo, wala usishuke kutazama mawimbi, kwa sababu wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote.