Barua kwa mwanangu: kaa umtazame akinyonyesha kwanza

Assalaam aleikum mwanangu. Sisi hapa Makorora wazima, babako goti linamsumbua kidogo ila msikitini anakwenda mwenyewe kwa miguu.

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Unasema umepangiwa Jumatano uwafundishe kunyonyesha wamama wa uzazi wa kwanza hapo zahanati Pangani, unawafundisha vizuri, wanaitikia, alafu wiki ya sita wakirudi na watoto kwenye sindano unamuuliza mmoja mtoto anatumia nini anakwambia nampa uji kidogo tu na maji ya chango, yale ya kutuliza tumbo. Ukauliza, mama mbona hawasikii? Nimeona nikuandikie maana kwenye simu tungekatana katana.

Mama angu, wanasikia. Mi nimekaa kliniki miaka mingi na hilo ndo lilinichukua muda kulielewa. Binti yeyote ukimuuliza mtoto anyonye tu bila kitu kingine miezi mingapi, atakujibu sita kabla hujamaliza kuuliza, redioni kasikia, kliniki kaambiwa toka ana mimba. Shida ni saa nane za usiku, mtoto analia, titi analishika analiona limelegea, na mama mkwe mlango wa pili anasema huyu mtoto ana njaa, maziwa yako mepesi kama maji. Saa hiyo wewe haupo, na uji uko jikoni.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Kakako nilimpa uji ana miezi miwili. Nilikuwa na miaka 19, hata chuo cha unesi sijaingia, bibi yako Mungu amrehemu alikuwa ananipenda kweli na ndo alikoroga ule uji kwa mkono wake, mwepesi, sukari kidogo, tukautia kwenye chupa. Siku mbili za kwanza alilala usingizi mzito nikashukuru. Wiki haikuisha akaanza kuharisha, macho yakaingia ndani, utosi ukabonyea, tukalazwa naye siku tano. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba tuliporudi nyumbani nikamweka titini hamna kitu cha maana kinachotoka, nikaamini kweli mi sina maziwa. Kumbe maziwa nilikuwa nayo, nimeyapunguza mwenyewe bila kujua, maana titi linatengeneza kadri linavyonyonywa, mtoto akishashiba uji hanyonyi, asiponyonya mwili unaona haya hayatakiwi unapunguza, yakipungua unaongeza uji. Ukisikia mtu anasema maziwa yangu yamekauka, muulize taratibu kilianza nini, uji au kukauka.

Sasa nikwambie kilichobadilisha ufundishaji wangu. Mwaka wa kwanza kazini nilikuwa kama wewe, nina bango la picha, nasimama mbele, naongea nusu saa, na nikimkuta mtu kampa mtoto maji namgombeza mbele ya wenzake. Walichojifunza ni kunificha. Alafu siku moja nikaenda kumwona binti mmoja Mikanjuni, mtoto wa wiki tatu, uzito hausogei. Nikamwambia nyonyesha nikuone. Kakaa kitandani hana pa kuegemea, mabega juu, kamshika mtoto kisogo anamsukuma kwenye titi, na mtoto kashika ncha ya chuchu tu, midomo imeingia ndani, mashavu yanabonyea, unasikia nch nch nch kama anabusu. Binti anauma meno machozi yanamtoka. Chuchu zimechanika. Na huyu alikuwa darasani kwangu mara mbili, kila kitu alijibu!

Nikamwekea mto mgongoni. Nikamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mamake, kichwa na mwili vimenyooka, pua ndo ielekee chuchu. Nikamwambia mguse mdomo wa juu na chuchu alafu subiri, usimsukume, subiri mpaka apanue kama anapiga miayo, hapo umvute kwako haraka, kidevu kitangulie. Ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu akashika, weusi unaozunguka chuchu upande wa chini wote umeingia, mdomo wa chini umepinduka nje, na sauti ikabadilika, anavuta, anavuta, kimya kidogo, kh, anameza. Binti akashusha mabega.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na chupa mkononi. Nikamwita, njoo bi mkubwa usikilize. Akainama akatega sikio, kh, kh, akaniangalia akasema, anameza! Nikamwambia ndiyo anameza, maziwa yapo, sasa nakupa kazi wewe, mama mtoto kachoka, kuanzia leo wewe ndo uhesabu nepi, zikilowa sita au zaidi kwa siku nzima mchana na usiku ujue mjukuu wako anapata. Yule bibi aliniletea hesabu kliniki kwenye kipande cha daftari. Uji haukukorogwa kwenye nyumba ile mpaka mtoto alipotimiza miezi sita.

Kwaiyo Jumatano ijayo bango liweke pembeni kwanza. Mwombe mama mmoja anyonyeshe hapo hapo, wengine wasogee waone, na waambie waje na mama mkwe au mama mzazi au shangazi, yule ambaye usiku ndo mwenye sauti. Na ukiwa nao usiseme bibi zenu wanakosea. Wale wazee walilea na sisi ndo ushahidi, wape heshima yao kisha wape kitu cha kushika.

Mambo watakayokuuliza mengine ni yale yale. Joto hili la kwetu watasema mtoto ana kiu, waambie maziwa ya mama sehemu kubwa sana ni maji, asilimia 80 na kitu, akinyonya mara kwa mara kiu imeisha. Dang'a, yale ya kwanza ya njano, wasiyakamue kuyamwaga, ndo kinga yake, na mtoto awekwe titini ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Siku ya kwanza anachohitaji kwa mnyonyo mmoja ni kama kijiko cha chai tu, kwaiyo uchache usiwatishe. Na waeleze mapema sana kwamba kwenye wiki ya tatu hivi, ya sita, na mwezi wa tatu kuna siku mtoto atanyonya kila saa, usingizi hana, ni kukua, anaagizia maziwa ya wiki ijayo. Hizo ndo siku uji unapoingia nyumbani. Binti akijua zinakuja hatishiki.

Maji ya chango hapo usiwe mkali. Mtoto wa wiki sita kulia jioni ni kawaida, mama anatafuta chochote. Mwonyeshe kumweka begani kumcheulisha, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi. Kitu pekee nje ya maziwa ni dawa aliyoandikiwa hospitali. Mwenye virusi vya Ukimwi naye kama anameza dawa zake vizuri ananyonyesha vile vile miezi sita bila kuchanganya, mwambie peke yake sio mbele za watu.

Ila na wewe uwe na jicho. Mtoto halowani, amelegea, anashindwa kuamka kunyonya, wiki mbili zimepita hajarudia uzito wa kuzaliwa, huyo usimpe mama maneno ya moyo, mpeleke kwa daktari. Wapo ambao maziwa kweli ni machache na hawana kosa lolote.

Wanaofanya kazi ndo wananihuzunisha. Mwajiriwa sheria inampa siku 84 za uzazi, mapacha 100, na akirudi ana haki ya saa mbili kwa siku za kunyonyesha, wengi hawazijui, waambie. Anayekaanga samaki sokoni hana wa kumpa hizo saa, huyo mfundishe kukamua kwa mkono, kikombe safi chenye mfuniko, kwa joto hili yasikae nje zaidi ya masaa manne, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, chupa na nyonyo yake kuisafisha ni kazi na ndo iliyotulaza mimi na kakako.

Miezi sita ikitimia hapo ndo wengi wanaharibu upande wa pili, kila siku uji mwepesi. Shika kijiko mbele yao, chota uji, kiinamishe, ukimwagika kama chai ni maji hayo, tumbo linajaa hamna kitu. Uwe mzito ukae kwenye kijiko. Na uji wa lishe hata uwe na nafaka saba bado ni nafaka, mtoto anataka dagaa waliosagwa, samaki aliyechambuliwa miiba, yai, maharage, mchicha, papai, embe, tuna bahari mlangoni jamani. Aanze na vijiko viwili vitatu mara mbili kwa siku, apandishwe taratibu mpaka nusu kikombe kufika miezi minane, na titi liendelee mpaka miaka miwili. Asali hapana kabla ya mwaka, wakikuambia ni sunna kumpaka mdomoni zungumza nao kwa adabu, waambie tende laini kidogo ya tahniki, ile ya kumpaka mtoto mchanga mdomoni, wamwulize daktari kwanza, ila asali ina hatari ya vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto mdogo.

Yule binti wa wiki ya sita usimsubiri Jumatano. Nenda kwake kesho jioni, usiulize habari za uji, mwambie nyonyesha nikuone. Wiki sita ni mapema, akiacha uji akamnyonyesha mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku pamoja na usiku, maziwa yatapanda ndani ya siku chache, mi nimeona wengi. Nenda na kitu cha bibi wa mtoto, hata sukari robo, na umwombe ahesabu nepi. Alafu nipigie uniambie zimelowa ngapi.

Mamako