Nyumba ya bei ya chini Goma: piga hesabu kwanza

Mama mmoja wa Katoyi, mwenye watoto watano, ametuandikia. Mwenye nyumba amepandisha kodi, naye ameona nyumba ya mbao kule Mugunga, pembeni mwa mji, dola 15 chini ya anazolipa sasa kwa mwezi. Anauliza kama ahame. Wengi wenu mko kwenye swali hilohilo, basi jibu ni la wote.

Mama, anza na maji. Watu sita, lita 20 kila mmoja kwa siku, hizo ni bidoni sita za lita 20, na hapo nguo za shule bado hazijafuliwa. Chini ya Goma ni mwamba wa lava, kisima hachimbi mtu. Maji ni ya ziwa, yanakuja kwa bomba au kwa gari, na ukikaa mbali na robine (bomba la mtaa) unalipa na mgongo wa anayekuletea. Tuseme kule Mugunga bidoni inazidi kwa franka 100: kwa mwezi ni 18,000. Unauza soko la Virunga. Tuseme basi ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 26: hizo 52,000. Jumla 70,000. Dola ikiwa franka 2,500, ni dola 28. Umepunguza 15 kwenye kodi, umetoa 28 njiani. Weka bei za kwenu, lakini usiruke hata mstari mmoja. Pesa hizi zinatoka kidogokidogo, hazina risiti, ndiyo maana familia inashangaa kodi imeshuka lakini watoto sasa wanakula mara moja kwa siku.

Kisha choo. Watu wanaona aibu kuuliza, acheni aibu. Kuvunja lava ni kazi ya nyundo na nondo, mchimbaji analipwa ghali, kwa hiyo wenye parseli (viwanja) wengi wanaishia kwenye shimo fupi. Kaya nne zikilitumia, linajaa upesi. Funua, mulika na simu. Ukiona uchafu uko karibu na mdomo, uliza papo hapo nani atalipa kulikomba. Usipouliza, mvua ya kwanza mtaambiwa mchange.

Ndani ya nyumba, ingia saa sita mchana, funga mlango, angalia juu. Kila tundu la mwanga kwenye bati ni tundu la maji. Chukua ufunguo, uchome mbao za chini ya ukuta, zile zinazogusa mawe: ukizama kama kwenye ndizi mbivu, mbao zimeoza na mwizi hahitaji kuvunja mlango. Mita ya umeme ikiwa moja kwa nyumba tatu, kubalianeni mapema nani ananunua na kwa kipimo gani. Kugawana sawa kunamwonea mwenye taa mbili. Anayepiga pasi aongeze.

Sasa garanti, ile pesa ya dhamana unayomwachia mwenye nyumba, hapa ndipo familia nyingi zinapigwa. Sheria ya Kongo ya 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Ukiombwa sita, itaje kwa heshima, hata kama atakucheka, wengine wanashuka. Hesabu mzigo wote wa siku ya kuingia: garanti miezi mitatu, kodi ya mwezi wa kwanza, na cha komisioneri, yaani dalali wa nyumba. Komisioneri akitaka mwezi mzima, hiyo ni miezi mitano kwa mara moja. Usimpe komisioneri garanti mkononi. Mpe mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya shahidi, na karatasi iandike kiasi, tarehe, idadi ya funguo, vioo vilivyokwisha pasuka, na kwamba garanti itarudi kwa dola. Kagua noti zako za dola pia: iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa.

Wengi wanapanga kula garanti miezi ya mwisho, yaani kukaa bila kulipa kodi mpaka garanti iishe. Ni sawa kama imeandikwa. Isipoandikwa, mwenye nyumba ataita ni deni, na mtaenda kugombana kwa chefu wa kartie (mkuu wa mtaa) na vyombo viko nje.

Kwa hiyo mama, kwa hesabu hii baki Katoyi. Mwombe mwenye nyumba nyongeza ya kodi igawanywe mara mbili, nusu sasa, nusu baada ya miezi sita. Akikataa, tafuta chumba kingine hapohapo Katoyi au Majengo, na usitoe neno la kuhama kabla zamu yako ya likelemba (mchango wa kupeana pesa kwa zamu) haijafika.