Maswali ya Wasomaji: Lenzi ndefu kwa mbio za magari

Nina kamera ya Canon EOS 2000D na ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo. Nataka kupiga picha za Safari Rally kule Naivasha. Dukani nimeonyeshwa 75-300 III mpya na 55-250 STM iliyotumika, bei zimekaribiana. Rafiki yangu anasema nisinunue hata moja, nisubiri nipate pesa za 150-600. Nifuate lipi? – Msomaji, Nakuru

Chukua 55-250 STM, mradi ni nzima. Hesabu iliyotufikisha hapo ni hii, nayo itakufaa hata ukibadilisha kamera.

Gari la mbio lina urefu wa mita 4 na ushee. Ukitaka lijaze thuluthi mbili za upana wa picha likipita ubavu, fremu yako inabidi ibebe kama mita 6.2. Sensa ya 2000D, yaani kile kibati kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 22.3. Gawa 22.3 kwa 6.2, unapata takriban 3.6. Zidisha mita zilizo kati yako na barabara kwa 3.6, na hizo ndizo milimita za lenzi unazohitaji. Ukisimama mita 30 utatumia 108, mita 50 utatumia 180, na 250 yako itafika ukomo kwenye mita 69. Mwenye kamera ya sensa kubwa, ile ya milimita 36, anazidisha kwa 5.8, kwa hiyo pale pale mita 50 yeye anadaiwa 290.

Basi chagua kwanza utakaposimama, ndipo uchague lenzi. Ramani ya simu ina kipimo cha umbali: gusa barabara, gusa kilima chako, soma mita. Wengi hufanya kinyume, wakanunua lenzi ndefu kuliko zote walizoweza kulipia, kisha gari likawapita mita 25 mbele yao. Hapo 150-600 ni mzigo mtupu. Hata ukiirudisha hadi 150, kwenye kamera yako fremu itabeba mita 3.7 tu, na utaondoka na milango na matairi. Ina uzito wa karibu kilo 2 na kioo cha mbele cha milimita 95, kwa hiyo hata vichujio vyake ni ghali. Itunzie pesa siku utakapojua kwa hakika kwamba mahali pako ni mita 80 na zaidi.

Kuhusu 75-300, usidanganywe na zile milimita 50 za ziada. Haina kizuia mtikisiko, mota yake ya fokasi ni ya polepole kwa gari linalokujia, na ukiivuta hadi mwisho picha inalegea. 55-250 STM ina kizuia mtikisiko, inashika fokasi haraka na kimya, na uzito wake ni gramu 375.

Jambo moja kuhusu kamera yenyewe. 2000D inapiga picha 3 kwa sekunde. Gari la kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde, maana yake kati ya picha moja na inayofuata limeshasogea mita 9. Usitegemee kubonyeza mfululizo ukitumaini moja itaangukia pazuri. Weka fokasi ya kufuatilia, Canon wanaiita AI Servo, tumia nukta moja ya katikati, anza kulifuata gari mapema, kisha bonyeza mara moja linapofika kwenye alama uliyoichagua, jiwe au kichaka.

Na kama lenzi haifiki, usiifidie kwa miguu. Upande wa nje wa kona ndiko gari linakoangukia likikosa breki. Kaa upande wa ndani, juu ya barabara, nyuma ya utepe, na marshali akikwambia rudi, rudi.

Naona picha zangu ziko kali kabisa lakini gari linaonekana kama limeegeshwa. Natumia 1/1000 ya sekunde. – Msomaji, Eldoret

Ni kasi ya shata hiyo, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie. Tairi la gari la mbio lina mzingo wa takriban mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Ndani ya 1/1000 linageuka nyuzi 5 tu, na jicho linaona rimu iliyosimama. Kwenye 1/125 linageuka nyuzi 40, rimu inavurugika na mwendo unaonekana. Shuka taratibu: 1/250 mpaka mkono uzoee, kisha 1/125, na 1/60 ukiwa na kadi yenye nafasi ya kupoteza.

Unapolifuata gari kwa kamera, geuza kiuno, siyo mikono. Miguu ielekee pale utakapobonyeza, ujipinde kulipokea gari linakotoka, na uendelee kulifuata hata baada ya kubonyeza. Wengi husimama kidole kinaposhuka, na picha inaharibikia hapo hapo. Kama lenzi ina swichi ya kizuia mtikisiko yenye namba, weka 2, ambayo inaacha mwendo wa kulala na kuzuia wa juu na chini. 55-250 STM haina namba hizo, inatambua yenyewe.

Shida itakuja adhuhuri. Jua likiwa kali, ISO 100 (kipimo cha sensa kuhisi mwanga) kwa 1/125 inadai tundu la lenzi la f/16, ambalo ni dogo, na 1/60 inadai f/22 au zaidi. Kwenye tundu dogo kiasi hicho ukali wa picha unapungua, na kila chembe ya vumbi iliyo juu ya sensa inajitokeza kama doa angani. Funga kichujio cha polaraiza: kinakula hatua moja hadi mbili za mwanga (kila hatua ni nusu ya mwanga), unarudi f/11 au f/8, na kinapunguza mng'ao kwenye kioo cha mbele cha gari. Gari likija uso kwa uso, sahau haya yote, rudi 1/800 au 1/1000.

Nina Nikon D7200 na Sigma 150-600. Asubuhi picha ni safi, kuanzia saa tano zote zinakuwa kama zimepigwa kupitia maji. Fundi anasema lenzi ifunguliwe. – Msomaji, Kampala

Usiifungue bado. Hayo ni mazigazi: ardhi imepata moto, hewa inapanda ikitetema, na kadiri umbali unavyozidi ndivyo unavyopiga hewa nyingi zaidi. Hakuna lenzi, hata ya bei gani, inayoona kupita hapo. Piga ukuta wa matofali mita 20 mbele yako, asubuhi, kwenye 600, kamera ikiwa juu ya tripodi na kizuia mtikisiko kimezimwa. Matofali yakiwa makali pembe zote nne, lenzi haina kosa. Vua pia kichujio cha kukinga kama ni cha bei poa, kwani kwenye 600 kinaharibu kuliko kinavyolinda. Mchana sogea hadi mahali panapohitaji 300 au chini, na piga ukiwa juu, siyo umelala sambamba na barabara.

Nimepata 70-200 f/4 iliyotumika, Mombasa. Ndani kuna kama nyuzi za buibui. Muuzaji anasema ni vumbi. – Msomaji, Kilifi

Ni kuvu. Vumbi huwa nukta nukta, kuvu hutawanyika kama mizizi. Washa tochi ya simu upande wa nyuma, fungua tundu lote, tazama kupitia mbele kwa pembe. Vinukta vichache vya vumbi havionekani kwenye picha, lakini kuvu hula rangi ya kinga juu ya kioo, na hata kikisafishwa alama hubaki. Iache. Ukipata nyingine, kagua pia mabati ya tundu yasiwe na mafuta, zungusha zumu usikie kama inakwaruza mchanga, kisha piga fremu kumi za gari linalokujia barabarani uone kama fokasi inafuata.

Pwani, lenzi isilale kwenye begi. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira na silika jeli linatosha, na jeli ikaushwe mara kwa mara.

Kwenye barabara ya Kedong ya Safari Rally wanasema vumbi la fesh-fesh ni kama unga. Nilindeje kamera? – Msomaji, Thika

Usibadilishe lenzi ukiwa kando ya barabara ya mbio, hilo ndilo kubwa. Zumu inayorefuka inavuta hewa kila unapoivuta, basi ivalishe mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba mbele na nyuma. Jioni anza na pampu ya hewa, kisha brashi, kitambaa mwisho kabisa. Anayeanza na kitambaa anasugua kioo kwa mchanga. Bonyeza kabla gari halijakufikia. Likishapita, fokasi inashika wingu. Mbio zimekuwa zikifanyika Machi tangu 2024, kwa hiyo beba na mfuko wa mvua.

Nikiongeza kirefusho cha 2x, kile kifaa kinachozidisha milimita za lenzi mara mbili, kwenye 55-250 si nitapata 500? – Msomaji, Arusha

Hapana. Virefusho vya Canon havifungiki kwenye lenzi hiyo. Vya kampuni nyingine vipo, lakini 2x inakula hatua mbili, f/5.6 inakuwa f/11, na kamera ndogo haitashika fokasi.

Nimeuziwa lenzi ya Nikon AF-P 70-300. Kwenye kamera yangu ya D3200 haivuti fokasi kabisa. – Msomaji, Morogoro

Lenzi ni nzima, ila D3200 haiendani na AF-P, ambayo ni aina mpya zaidi ya mota ya fokasi. Irudishe, ubadilishiwe AF-S 55-300 au AF-S 70-300 VR.