Muulize Mwalimu: Mtoto ana 101, mbona hajachemka?

*Shikamoo Mwalimu. Dada yangu anayeishi Minnesota, Marekani, amenitumia kipimajoto cha kidijitali. Juzi usiku mwili wa mwanangu wa miaka minne ulichemka, nikamwekea kwapani, kikaandika 101.3. Nilitetemeka, maana shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwenye 100. Je, ni kibovu?* – Mama wa watoto wawili, Tanga

Marahaba, mama. Kipimajoto chako ni kizima. Kitazame vizuri, pembeni mwa tarakimu pana herufi ndogo F. Hiyo ni Farenhaiti, kipimo ambacho Wamarekani hawajakiacha hadi leo. Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi wa vipimajoto mzaliwa wa Danzig aliyefanyia kazi zake Amsterdam, alikitangaza mwaka 1724. Kwake barafu huyeyuka kwenye 32 na maji huchemka kwenye 212. Sisi tunatumia cha Anders Celsius wa Uppsala, Sweden, cha mwaka 1742, chenye 0 na 100. (Celsius mwenyewe alikiandika kichwa chini miguu juu: maji yachemke kwenye 0 na kuganda kwenye 100! Kikageuzwa baadaye, na tushukuru.)

Kwa hiyo vipimo hivi vimeachana mara mbili. Sifuri zao haziko mahali pamoja, halafu hatua za Farenhaiti ni fupi: kutoka barafu hadi mchemko yeye ana hatua 180, sisi tuna 100. Ndiyo maana unatoa 32 kwanza, kisha unazidisha kwa 5 na kugawa kwa 9. Tuchukue namba ya mwanao: 101.3 toa 32 inabaki 69.3, mara 5 ni 346.5, gawa kwa 9 unapata 38.5. Usipindue mpangilio. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walipenda kuzidisha kwanza na kutoa 32 mwishoni, na kwa njia hiyo mwanao angekuwa na nyuzi 24, joto la maji ya mtungini.

Sasa, 38.5 ni homa ya kweli, na hapo hesabu imemaliza kazi yake. Mpeleke akapimwe malaria, usikisie. Na kama ungekuwa na kichanga wa chini ya miezi mitatu, akifika 38 tu hakuna kungoja kupambazuke.

Vipimajoto vingi vya aina hiyo hubadilishika: kikiwa kimezimwa, bonyeza kitufe na ukishikilie sekunde kadhaa mpaka F igeuke C. Kikikataa, andika kwa kalamu kwenye kikasha chake: 98.6 ni 37, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39; 104 ni 40. Hiyo nukta sita ya 98.6 isikutie wasiwasi mtoto akisoma 98.1 au 99. Daktari Mjerumani Carl Wunderlich alitaja 37 mwaka 1868 kama wastani, na 37 ikigeuzwa inaangukia hapo hapo kwenye nukta.

*Mapishi ya keki niliyoyapata yanasema oveni iwe 350. Yangu inaishia 250. Nifanyeje?* – Mpishi wa Mbagala

Mapishi hayo ni ya Kimarekani. 350 yao ni 177 yetu. Weka 180 uendelee na keki yako, kitasa cha oveni hakitambui nyuzi tatu. Kama oveni ina feni, shusha hadi 160.

Ukitaka kurudi upande wa pili bila kalamu: zidisha mara mbili, toa sehemu moja ya kumi, jumlisha 32. Kwa 180 ni 360, toa 36 ni 324, jumlisha 32 ni 356. Wala si makisio, ni hesabu kamili.

*Mwalimu, mkataba wa Paris wa 2015 unataka dunia ijitahidi ongezeko la joto lisizidi nyuzi 1.5. Nimeingiza 1.5 kwenye simu, ikaniletea Farenhaiti 34.7. Si tutaungua?* – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Morogoro

Simu imekujibu swali ambalo hukuuliza. Imekueleza kipimajoto cha Farenhaiti kitasoma ngapi siku ambayo chetu kinasoma 1.5, siku ya baridi kali kwelikweli. Wewe ulikuwa unauliza habari ya ongezeko, na ongezeko halina sifuri ya kurekebisha. Zidisha kwa 1.8 peke yake, 32 iache: unapata 2.7.

Fikiria saa. Basi la saa mbili asubuhi simu yako inaliandika 8:00, umeongeza sita. Lakini safari ya saa nne haigeuki kuwa ya saa kumi kwa sababu umeitazama kwenye simu.

Na ukikuta kitabu chako cha fizikia kimeandika ongezeko la Kelvini 1.5, hapo usizidishe chochote. Hatua ya Kelvini ina urefu uleule wa Selsiasi. Sifuri yake tu ndiyo iko chini zaidi, kwenye nyuzi 273.15 chini ya sifuri yetu.